Hatari ya Kupe Isemwe kwa Kipimo

Hotuba ya Kamati ya Mifugo mbele ya Mkutano wa Wanachama, Moshi, katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu



Wasemaji waliotutangulia wamehesabu mapato na madeni ya miaka kumi, nasi tumefurahi pamoja nanyi. Sisi tumeombwa tuseme juu ya kitu kilicho kidogo kuliko punje ya harage, nacho ni kupe. Huenda mtu akaona kwamba siku ya sherehe si siku ya kumtaja kupe. Lakini katika vihamba vyetu zimo nyumba nyingi ambazo mali yake kubwa ni ng'ombe mmoja wa maziwa. Ada ya shule hutoka kwake, mbolea ya migomba na kahawa hutoka kwake, na kikombe cha mtoto hutoka kwake. Ng'ombe huyo aweza kuuawa kwa ugonjwa wa kupe katika muda wa majuma matatu. Kwa nyumba ya namna hiyo, kupe si jambo dogo.

Wala hatukuja kuwatisha. Tumekuja na neno moja, nalo ni hili: hatari ya kupe yapasa kupimwa kwanza ndipo itangazwe, na itangazwe kwa kipimo kile kile, pasipo kuzidisha wala kupunguza. Sisi ni watu wa mizani. Tangu chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa wa mlima huu kilipoanzishwa mwaka 1925, na KNCU ilipokifuata mwaka 1933, mkulima wa Kilimanjaro amejifunza kutodai zaidi ya mizani na kutokubali pungufu ya mizani. Maziwa nayo hutiwa kipimo ili ijulikane kama yameongezwa maji. Iweje basi habari ya ugonjwa, ambayo yaweza kumfanya mtu auze ng'ombe wake kwa bei ya kutupa, ipokelewe bila kipimo chochote?

Tuchukue mfano. Tuseme ng'ombe watatu wamekufa katika kitongoji kimoja. Asubuhi yasemwa kwamba wamekufa watatu. Mchana sokoni yasemwa kwamba wamekufa kumi. Jioni watu wahakikishiwa kwamba ng'ombe wote wa upande ule wanakwisha. Mwanachama mmoja amwuzia mchinjaji mtamba wake aliye mzima. Wa pili anunua dawa ya kuogeshea na kuikoroga maradufu, hata ngozi ya ng'ombe yaungua na mikono yake mwenyewe yawasha. Wa tatu awanyima watoto maziwa. Hakuna hata mmoja wa hao aliyedhuriwa na kupe. Wote watatu wamedhuriwa na habari.

Sasa tuchukue mfano wa upande wa pili. Katika kitongoji kingine wakubwa wameambiwa kwamba ng'ombe wawili wana homa na tezi zimevimba. Waona kwamba jambo hili likitajwa, mnunuzi wa maziwa ataogopa, na sifa ya mahali itapungua. Basi wanyamaza. Baada ya majuma mawili wagonjwa si wawili tena. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Kelele na kimya ni ndugu wawili, maana kila mmoja humnyima mkulima kile anachokihitaji, yaani ukweli wenye kiasi chake.

Ili kupima hatari, sharti kwanza tujue tunampima nani. Watu husema “kupe” kana kwamba ni mdudu mmoja, na “ndigana” kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Sivyo. Kupe wa kahawia, apendaye kukaa masikioni, ndiye aletaye ndigana kali. Kupe wa bluu, yule mdogo aonekanaye ubavuni na shingoni, huleta ugonjwa wa kukojoa damu, na pia ndigana baridi, ambayo humfanya ng'ombe apauke na kutoa kinyesi kikavu kigumu. Ndigana baridi huweza pia kuenezwa na nzi waumao, na hata na sindano moja itumiwayo kwa ng'ombe wengi bila kuchemshwa. Kupe mkubwa mwenye madoadoa, akaaye chini ya tumbo na kwenye kiwele, huleta maji moyo kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, na huharibu chuchu. Magonjwa haya manne yana dawa mbalimbali. Anayetibu ndigana kali kwa dawa ya ndigana baridi amepoteza fedha, na huenda amempoteza na ng'ombe.

Mtu asione haya kwamba magonjwa haya yamemchanganya. Robert Koch, mganga mashuhuri wa Ujerumani, alikuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898. Aliona vijidudu vidogo katika damu ya ng'ombe wa pwani yetu, akavidhania kuwa ni namna ya ule ugonjwa wa kukojoa damu. Ndigana kali ilipoingia kusini mwa Afrika mnamo mwaka 1902 na kuangamiza makundi ya ng'ombe, ndipo ilipofahamika kwamba huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Mwaka 1904 Charles Lounsbury alithibitisha huko Afrika ya Kusini kwamba kupe wa kahawia ndiye aubebaye. Ikiwa bingwa mwenye hadubini alihitaji muda kuyatenga magonjwa mawili, sisi tusiwe wepesi wa kutaja jina la ugonjwa kwa kumtazama ng'ombe aliyelala.

Na yupo ng'ombe afaye ghafula, damu ikamtoka puani na nyuma, mwili usikakamae. Huyo msimtupie kupe lawama. Huenda ni kimeta, ambacho huua na watu. Msimchune, msimpasue, msigawane nyama yake. Mwiteni bwana mifugo kwanza.

Sasa tumpime huyu kupe wa kahawia, kwa kuwa ndiye mwuaji mkubwa wa ng'ombe wa maziwa katika nchi yetu. Jike lake huangusha mayai maelfu ardhini. Watoto watokao katika mayai wana miguu sita, nao ni wadogo kama vumbi. Kila mmoja hupanda juu ya mnyama, hunyonya, huanguka, hujivua ngozi. Kisha hupanda juu ya mnyama wa pili, hunyonya, huanguka, hujivua tena. Na mwisho, akiwa mkubwa, hupanda juu ya mnyama wa tatu. Kupe atokaye yaini hana ugonjwa. Aupata anaponyonya damu ya mnyama mgonjwa, au ya mnyama aliyepona lakini bado ana vijidudu, na auambukiza katika hatua ya maisha inayofuata. Kwa hiyo kumwona kupe si kuuona ugonjwa. Wengi wa kupe mnaowaona hawana ndigana.

Tena, hata kupe mwenye ndigana haitoi mara tu aumapo. Kwa kawaida vijidudu vyake huhitaji siku mbili hadi nne za kunyonya kabla havijakomaa katika mate yake. Hii ni habari ya faraja iliyo ya kweli. Yaani mama anayeshika sikio la ng'ombe kila siku wakati wa kukamua, akatazama ndani na kumtoa kupe aliyeshika jana, amefunga mlango kabla mwizi hajaingia. Kazi hii haihitaji mkopo.

Lakini faraja hiyo ina upande wake wa pili, na tukiuficha tutakuwa tumepunja mizani. Ng'ombe hawafanani. Ng'ombe wa kienyeji aliyezaliwa mahali penye kupe huambukizwa akiwa ndama. Baadhi ya ndama hufa, lakini wale wanaopona huwa na kinga mwilini. Ng'ombe wa Kizungu, kama Friesian, Ayrshire na Jersey, na machotara wao, hawana nguvu hiyo. Wasipotibiwa, walio wengi wa hao waambukizwao hufa. Tena sisi wa mlimani, kwa desturi ya mababu zetu, hufuga bandani na kulisha kwa majani ya kukatwa. Ng'ombe wa bandani huwaona kupe wachache, na kwa sababu hiyo hiyo mwili wake haukujifunza kupigana nao.

Angalieni basi jinsi hesabu inavyoweza kudanganya. Ng'ombe wa kienyeji mwenye kupe ishirini katika tambarare ya Kahe, aliyekulia hapo na kupona ndigana utotoni, huenda yu salama kuliko mtamba wa Friesian wa Marangu mwenye kupe mmoja tu sikioni. Kupe wachache si hatari ndogo, na kupe wengi si hatari kubwa, mpaka ijulikane wamemshika ng'ombe gani. Mwenye kuhesabu kupe peke yao amepima gunia bila kutazama kilichomo.

Mahali na majira nayo hupimwa. Kupe wa kahawia apenda penye ubaridi na unyevu na majani marefu. Jua kali la nyika tupu humkausha. Kupe wakubwa huwa wengi zaidi mvua zinaponyesha, na wale wa umri wa kati hufuata zaidi katika miezi ya ukavu wenye ubaridi baada ya masika. Nao wadogo hao ni hatari, ingawa macho hayawaoni upesi. Katika vihamba kupe hupanda mlima juu ya vichwa vya akina mama, ndani ya mzigo wa majani yaliyokatwa mashamba ya chini mahali walipolishia ng'ombe wengine. Tusiwakataze watu kukata majani huko, kwa maana wengi hawana pengine pa kukata. Tuseme lile liwezekanalo: yasikatwe kandokando ya njia za mifugo na majosho, yatandazwe juani na kukung'utwa mbali na banda kabla ya kuingizwa horini, na yule aliye na nafasi ya kupanda mabingobingo katika kingo za kihamba apande. Haya hupunguza hatari; hayaimalizi.

Na je, watu? Swali hili huulizwa kila mkutano, nalo lastahili jibu lililonyooka. Ndigana kali haimpati mtu, wala haiji kwa maziwa. Maziwa twayachemsha kwa sababu nyingine, kama brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Ila ng'ombe aliyechomwa dawa, maziwa yake yasiuzwe wala kunywewa mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Iko homa ambayo kupe wa mifugo wenye madoadoa huweza kumpa mtu, nayo huja na maumivu ya kichwa na pengine kidonda kidogo cheusi mahali alipoumwa. Ina dawa, nayo mara nyingi hupona vizuri; mgonjwa amwambie mganga kwamba aliumwa na kupe.

Papasi ni mwingine. Huyu hakai juu ya ng'ombe. Hukaa katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, na huwauma watu usiku. Mwaka 1905 Koch huyo huyo alizunguka katika njia za misafara za nchi yetu, akathibitisha kwamba papasi wa vibanda vya kulala wasafiri ndio walioeneza homa ile inayoondoka na kurudi. Dawa ya josho haihusiani na papasi. Nyumba iliyosakafiwa vizuri na kuta zisizo na nyufa ndiyo dawa yake.

Siku hizi kuna jambo la tatu. Watoto wetu walioko Ulaya na Marekani hutuma habari kwamba kupe wa huko huwapa watu ugonjwa wa Lyme, ulioitwa kwa jina la mji mmoja wa jimbo la Connecticut, ambako wagonjwa wengi walitambuliwa miaka ya 1970. Habari hiyo ni ya kweli kwa huko. Lakini kupe wanaoueneza huko ni wa jamii nyingine, si hawa wa masikioni mwa ng'ombe wetu. Habari ya kweli ikihamishwa mahali pasipo pake yageuka kuwa uongo, ingawa aliyeileta hakukusudia kudanganya.

Tumalize kipimo kwa kutaja dawa, maana dawa nayo ina hatari yake. Kuogesha kwa josho au kwa bomba kumeokoa mifugo mingi katika Afrika. Kupe mkubwa wa kahawia huchukua kama juma moja kushiba, na ndiyo sababu twaambiwa kuogesha kila juma, na mara mbili kwa juma hatari izidipo. Lakini dawa iliyopunguzwa kwa maji haiwaui kupe. Huwafundisha kuishi nayo. Kupe wa bluu hujifunza upesi kuliko wengine, kwa sababu humaliza hatua zake zote tatu juu ya ng'ombe mmoja, na kila hatua huogeshwa dawa ile ile. Dawa iliyozidishwa nayo humdhuru ng'ombe, humdhuru mwogeshaji, na huingia katika maji ya mifereji tunayoyanywa.

Tena kuogesha kwa nguvu kuna deni lake. Katika nchi iliyoitwa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, kuogesha ng'ombe kulifanywa sheria tangu mwaka 1914, na ndigana kali ilifutwa huko katika miaka ya 1950. Ng'ombe wakakaa miaka mingi bila kuzoeana na magonjwa mengine ya kupe. Vita vya miaka ya 1970 vilipoyafunga majosho, kupe walirudi wakakuta ng'ombe wasio na kinga, na inakadiriwa kwamba walikufa ng'ombe wapatao milioni moja. Hatusemi haya ili mwache kuogesha. Twasema ili kila anayetangaza “ogesheni” ajue kwamba ameahidi pia kuwa dawa itapatikana mwezi ujao na mwaka ujao. Wazee waliomo humu wanayakumbuka majosho ya nchi hii yaliyojengwa kwa bidii, kisha yakabaki mashimo makavu.

Iko pia chanjo ya ndigana kali. Ilitengenezwa katika miaka ya 1970 kule Muguga, karibu na Nairobi, katika kituo cha utafiti cha Afrika Mashariki, na mojawapo ya mbegu zake tatu ilitoka Serengeti. Ng'ombe hutiwa vijidudu vya ugonjwa wenyewe, na papo hapo huchomwa dawa ya oksitetrasaiklini ya kuvizuia visimshinde. Mara moja yatosha kumpa kinga ya miaka mingi, na kwa wengi kinga ya maisha. Hii ni habari njema, nasi twaisema kwa sauti. Lakini tuseme na lililobaki. Chanjo hii haizuii kukojoa damu, wala ndigana baridi, wala maji moyo, kwa hiyo haiondoi kazi ya kupunguza kupe. Ng'ombe wachache huugua baada ya kuchanjwa, nao hupaswa kuangaliwa kwa majuma matatu. Tena ng'ombe aliyechanjwa aweza kubaki na vijidudu ambavyo kupe atawapelekea ng'ombe wa jirani wasiochanjwa. Kwa hiyo yafaa jirani na jirani wachanje pamoja.

Na hapo ndipo ushirika unapoingia. Chanjo hiyo huhifadhiwa katika naitrojeni iliyogeuzwa maji yenye baridi kali, na mrija mmoja ukishayeyushwa hutosha makumi ya ng'ombe, nao sharti utumiwe siku ile ile. Mwenye ng'ombe mmoja hawezi kuununua peke yake. Majirani thelathini wanaweza.

Ndugu wanachama, sasa tuje kwenye namna ya kusema. Twapendekeza kwamba tangazo lolote la kupe litakalotoka katika chama chochote cha msingi lijibu maswali matano. La kwanza: ni ugonjwa gani, na ni nani aliyeuthibitisha, maabara, bwana mifugo, au dhana ya mtu? La pili: ni ng'ombe wangapi kati ya wangapi? Watatu kati ya mia tatu ni habari moja. Watatu kati ya sita ni nyingine. La tatu: ni wapi, tangu lini, na ni ng'ombe wa namna gani? La nne: mwanachama afanye nini, itamgharimu kiasi gani, na nini asifanye? La tano: tangazo hili litaangaliwa tena siku gani? Hatari ikitangazwa na isitangazwe kwisha kwake, watu huzoea, na mara ya pili hawasikii.

Sikieni tangazo baya: “Kupe wauaji wameingia! Ogesha leo au uzike kesho!” Hilo latisha, wala halifundishi. Sasa sikieni tangazo tunalolipendekeza, nazo tarakimu zake ni za mfano tu: “Tangu Jumatatu, ng'ombe 4 kati ya 60 wa kitongoji hiki wameugua, na 1 amekufa. Maabara imethibitisha ndigana kali kwa 2. Wawili bado hatujapata jibu. Wote ni machotara wa maziwa ambao hawakuchanjwa. Tazama masikio ya ng'ombe kila siku. Ukiona tezi iliyovimba chini ya sikio, au joto limepita nyuzi 40, mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo. Usizidishe dawa. Maziwa ya ng'ombe asiyetibiwa yauzwa kama kawaida. Tutatoa habari tena Jumatatu ijayo.” Tangazo hili ni refu kidogo, lakini mtu akilisikia aenda nyumbani akijua la kufanya.

Jambo la siku ile ile twalisisitiza. Ndigana kali ikitambuliwa mapema, dawa ya buparvakuoni huponya ng'ombe wengi. Akishaanza kukohoa na kutoa povu puani, mara nyingi fedha ya dawa hupotea pamoja na ng'ombe. Katika muda huo mfupi mkulima hahitaji hofu. Ahitaji kipimajoto, na mtu wa kumwita.

Na aambiwe nani? Mara nyingi tangazo husomwa katika mkutano wa wenye kadi, nao wengi wao ni wanaume. Lakini akataye majani ni mama, akamuaye ni mama, na ashikaye sikio la ng'ombe alfajiri ni mama au kijana wake. Tangazo lisilomfikia yeye halijatangazwa. Basi lisomwe mahali pa kupokelea maziwa, lisomwe baada ya ibada kanisani na msikitini, libandikwe sokoni, na lisemwe kwa lugha ambayo bibi wa miaka sabini anaielewa.

Huenda afisa mmoja akasema, “Tukiwaambia watu kila kitu, watachanganyikiwa.” Twamjibu kwa heshima kwamba wakulima hawa ndio waliojifunza kutofautisha chulebuni na kutu ya majani, wakajua ipi hupigwa dawa wakati gani. Hawashindwi kuelewa hatari yenye pande mbili. Wanachoshindwa kukisamehe ni kuambiwa leo kwamba hakuna neno, na kesho kwamba wamechelewa. Na huenda mwanachama mmoja akasema, “Bora kuogopa kupita kiasi kuliko kufiwa.” Naye twamjibu kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nasi hatumlaumu, ila aliyemwuza mtamba mzima kwa hofu naye amefiwa, ingawa ng'ombe bado yu hai katika zizi la mwingine.

Kwa hayo, Mheshimiwa Mwenyekiti, Kamati yaleta maombi manne kwa Chama Kikuu. Kwanza, kila chama cha msingi kiwe na kipimajoto cha mifugo, na mtu mmoja aliyefundishwa kukitumia. Pili, kila chama kiwe na kitabu cha wagonjwa na vifo, pamoja na jumla ya ng'ombe wa kila kitongoji, ili tusitangaze tena hesabu isiyo na jumla. Tatu, dawa ya kuogeshea inunuliwe kwa pamoja kutoka kwa wauzaji wanaoaminika, na igawanywe pamoja na chombo cha kuipimia. Nne, siku za chanjo zipangwe kitongoji kwa kitongoji, na gharama yake itajwe mapema ili mwanachama ajiwekee akiba.

Maombi haya si makubwa kuliko kazi tulizokwisha kuzifanya pamoja katika miaka hii kumi. Mizani ya maziwa haikutuletea ng'ombe hata mmoja, lakini imetuletea kuaminiana, na kwa kuaminiana maziwa yameuzika. Vivyo hivyo kipimo cha habari hakitamwua kupe hata mmoja. Kitamfanya mwanachama, asikiapo sauti ya Chama, aamini kwamba ikisema pana hatari, ipo, na ikisema hapana, aweza kulala. Siku ndigana itakapokuja kweli, na itakuja, imani hiyo ndiyo itakayomfanya ashike sikio la ng'ombe asubuhi ile ile, badala ya kungoja aone jirani atafanya nini.